Kukopa Harusi, Kulipa Matanga: Mikopo ya Shinyanga na Geita Yatukhusu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Leo tumekusudia kuzungumza nanyi khabari za nchi iliyo mbali na bahari yetu, nayo ni Shinyanga pamoja na nchi ya dhahabu ya Geita. Twajua wapo miongoni mwenu watakaouliza: sisi ni watu wa karafuu na samaki, ya Shinyanga yatukhusu nini? Suali hilo ni la haki, na kulijibu ndiko kulikotuleta hapa.

Jawabu la kwanza limo katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977. Katika orodha ya Mambo ya Muungano imetajwa mikopo ya nchi za nje. Maana yake ni kwamba mkopo unapotiwa saini kwa jina la Muungano, jina letu nalo limo, hata kama hapana hata mmoja wetu aliyeonyeshwa karatasi. Serikali yetu ya Visiwani nayo, ikitaka kukopa nje, haina budi kupita mlango huo huo.

Jawabu la pili lapita chini ya bahari. Unguja yapata umeme wake kwa waya utokao Ras Kiromoni hadi Fumba tangu mwaka 1980, na Pemba yapata wake kutoka Tanga tangu mwaka 2010. Hatujasahau kiza cha miezi mitatu, toka Disemba 2009 hadi Machi 2010, maji yalipokosekana mabombani na mafundi wakakaa bila ya kazi. Basi gridi ile inayotulisha sisi ndiyo inayolisha machimbo ya Kahama na Geita. Kinachofanyika huko kwa fedha za kukopa, chatugusa sisi katika taa na katika deni.

Sasa tutazame kilichofanyika. Kwanza ni njia ya umeme itokayo Iringa, ikapita Dodoma na Singida, ikafika Shinyanga: kilomita 670, ya kilovolti 400. Fedha zake zilitoka Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Afrika, Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, Japani na Korea. Pili ni njia ya kilovolti 220 kutoka Bulyanhulu hadi Geita, kilomita 55, kwa mkopo wa BADEA, ile benki ya nchi za Kiarabu ya maendeleo ya Afrika. Tatu ni umeme wa jua wa Kishapu, megawati 150 kwa mpango wake wote, zikianzwa 50, kwa fedha za Shirika la Maendeleo la Ufaransa. Nne ni reli ya kisasa ya Mwanza na Isaka, kilomita 341, iliyowekewa jiwe la msingi mwezi wa Juni 2021, ili ikutane na bandari kavu ya Isaka inayopokea mizigo ya Rwanda na Burundi.

Hatusemi kwamba kazi hizi ni mbaya. Mgodi mkubwa wa Geita ulipofunguliwa mwaka 2000 ulijiendesha miaka mingi kwa mitambo ya dizeli. Mwenye akili hapingi kuwekewa waya mahali pa moshi. Wala hatusemi kwamba kukopa ni haramu.

Tunalolisema ni hili: mkopo hupimwa kwa kumtazama anayetumia kilichojengwa, na anayelipa.

Ndugu zetu, waya wa kilovolti 220 ukipita juu ya paa la mkulima wa pamba haumwashii hata taa moja. Umeme ule ni mkali mno kuingia nyumbani. Lazima kwanza ushushwe katika kituo, upite nyaya ndogo, upite transfoma, ndipo ufike mlangoni. Mgodi mkubwa una uwezo wa kujijengea kituo chake. Mchimbaji mdogo mwenye duara lake, na mwenye karasha ya kusagia mawe mwaloni, hana uwezo huo. Akikosa nyaya ndogo hubaki na injini yake ya dizeli chini ya waya uliokopwa kwa jina lake. Historia ya huko yatuonya. Reli ilifika Mwanza kwa kupitia Shinyanga mwaka 1928, ikachukua pamba kwenda nje. Almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940. Mali ilipita, na mwenye nchi akabaki kuitazama ikipita.

Ama kwa upande wa kulipa, mikopo si sawa. Mikopo ya Benki ya Dunia kwa nchi maskini, katika miaka ile ilipoanzwa njia ya Shinyanga, kwa kawaida ilikuwa ya miaka 40, na miaka 10 ya mwanzo hapakulipwa mtaji. Lakini kwa reli ya Dar es Salaam hadi Makutupora, mwaka 2020 ilichukuliwa dola bilioni 1.46 kupitia benki ya biashara, Standard Chartered. Benki ya biashara hutaka faida yake, tena haingoji miaka 40.

Na lipo jambo jengine. Mwaka 2021 dola moja ilikuwa karibu na shilingi 2,300. Katikati ya mwaka 2024 ilipita 2,600. Deni la dola milioni 100, ambalo lilikuwa shilingi bilioni 230, likawa zaidi ya bilioni 260, bila ya kuongezwa nguzo moja wala reli moja. Wazee wetu walisema: kukopa harusi, kulipa matanga.

Basi twataka mambo matatu. Kwanza, mkataba wa kila mkopo mkubwa uchapishwe kwa Kiswahili na usomwe katika Bunge na katika Baraza la Wawakilishi kabla ya kutiwa saini, si baada yake. Pili, kila mkopo wa waya mkubwa uwe na fungu la nyaya ndogo kwa vijiji vilivyo chini yake. Tatu, iandikwe wazi katika deni la Muungano ni kiasi gani kilichotumika Visiwani, na ni kiasi gani Visiwani watatakiwa kulipa.

Ndugu wanachama, mkulima wa Kishapu si adui yetu. Yeye na sisi tumeandikwa katika daftari moja la deni, na si yeye wala sisi tuliofunguliwa daftari hilo tukalisoma. Tunapodai lifunguliwe twamdaia na yeye. Mrudipo matawini, mwulizeni kila mwakilishi wenu suali moja tu: mkopo wa mwisho uliotiwa saini kwa jina letu, masharti yake ni yepi? Asiyejua, na aende akaulize, kisha arudi atwambie.