Tusikimbilie mota katika viungo vya bandia



Mtu aliyepoteza vidole hapotezi vidole peke yake. Hupoteza jembe, kalamu, na pengine heshima ya kujilisha mwenyewe. Basi swali langu leo ni moja: nguvu ya kuukunja mkono wa bandia itoke wapi?

Wengi hujibu: mota na betri. Mikono ya namna hiyo ipo na hufanya kazi nzuri. Lakini bei yake ni maelfu ya dola, na ikiharibika mbali na fundi hubaki pambo.

Mwaka 2011 Richard van As, seremala wa Johannesburg, alikatwa vidole na msumeno wa mashine. Bei ya vidole vya bandia ilimshinda. Akashirikiana na Ivan Owen, Mmarekani aliyekuwa ametengeneza mkono mkubwa wa maonyesho. Wakabuni kiganja cha plastiki kisicho na mota. Mvaaji akikunja kifundo cha mkono, kamba za nailoni huvuta vidole vikafumba. Akikinyoosha, mipira midogo huvifungua. Mwaka 2013 waliitoa michoro yao bure kwa ulimwengu mzima.

Hata asiye na kifundo ana njia. Tangu zamani mafundi humfunga mkanda mabegani na kuuunganisha na waya upitao ndani ya ala, kama waya wa breki ya baiskeli. Bega likisogea, waya huvutika na mkono hutenda kazi.

Sisemi kwamba vifaa hivi havina kasoro. Plastiki itumikayo sana kuchapia huanza kulainika kwenye joto la nyuzi 60 hivi. Vidole hufumba vyote pamoja, na mzigo mzito huvishinda. Wala mchoro hautoshi bila fundi wa kumpima mtu na kumfundisha. Ndiyo maana chuo cha mafundi wa viungo bandia cha TATCOT, kilichoanzishwa Moshi mwaka 1981, kina thamani kuliko shehena ya mota.

Ndugu zangu walimu, kanuni hii yaweza kufundishwa darasani kwa mrija, uzi na mpira. Nanyi mnaoidhinisha ununuzi, msiulize kwanza kifaa ni cha kisasa kiasi gani. Ulizeni: kamba ikikatika kijijini, nani ataifunga tena ili mwenyewe arudi shambani kesho?