Hatua za Farasi na Viungo vya Watoto Wetu

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), Muumba wa viungo na Mjuzi wa udhaifu wetu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba wake. Amma baad.



Tuanze kwa kukiri kosa. Mama mmoja alimbeba mgongoni mwanawe wa miaka sita hadi madrasa kwetu. Shingo ya mtoto yule haikutulia, na miguu yake ilikakamaa na kupishana kama mkasi. Tulimwambia: "Mrudishe nyumbani, akiweza kukaa, mlete." Hatukujiuliza, je, ni nani atakayemfundisha kukaa? Swali hilo lilitusumbua hata likatufikisha kwa wataalamu wa tiba ya mazoezi, na huko ndiko tulikosikia habari ya farasi.

Mtoto yule ana mtindio wa ubongo. Si jini, si kijicho cha jirani, wala si adhabu kwa wazazi. Ni ubongo uliodhurika kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au baada yake, kwa sababu kama vile kukosa hewa, kuzaliwa kabla ya wakati, manjano makali ya uchangani au homa ya uti wa mgongo. Dhara hilo la ubongo haliongezeki, lakini viungo visipozoezwa huzidi kukakamaa.

Farasi anaingiaje hapa? Mwaka 1944 mwanamke wa Denmark aitwaye Lis Hartel alipatwa na polio, akapooza miguu chini ya magoti. Hakuacha kupanda farasi, ingawa alihitaji kusaidiwa kupanda na kushuka. Mwaka 1952, katika Michezo ya Olimpiki ya Helsinki, alipata medali ya fedha katika mashindano ya kumwongoza farasi kwa hatua za ustadi, na mwaka 1956 akaipata tena. Habari zake ziliwazindua wengi huko Ulaya kuutazama upya mgongo wa mnyama huyu.

Wakaona nini? Farasi anapotembea polepole, humsogeza aliyempanda mbele na nyuma, kulia na kushoto, na kuzizungusha nyonga zake kidogo, kwa namna inayokaribiana na mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu yake. Basi mtoto ambaye hajapata kupiga hatua hupokea hatua zipatazo 100 kwa dakika, na kila hatua humlazimu kiwiliwili chake kijiweke sawa. Mtoto huvaa kofia ngumu. Mmoja hushika hatamu, wengine hutembea ubavuni, na mtaalamu ndiye apimaye kila kitu.

Utafiti umeonesha manufaa katika kukaa wima na kutoyumba. Lakini tusiahidiane yasiyokuwapo: farasi hauponyi ubongo. Tena si kila mtoto anafaa; mwenye nyonga iliyoteguka, au kifafa kisichodhibitiwa, aweza kudhurika. Asitoke mtu hapa akampandisha mwanawe juu ya punda wa mkokoteni akidhani amepata tiba.

Mtasema: "Ustadhi, farasi tutampata wapi?" Ni kweli, ni adimu kwetu na gharama yake ni kubwa. Lakini somo haliko katika kwato. Somo ni kwamba mwili wa mtoto hujifunza kwa kuzoezwa kwa kipimo, tena na tena, tangu mapema. Mtaalamu wa mazoezi hospitalini aweza kumfundisha mzazi namna ya kumkalisha mtoto, kumnyoosha na kumshika. Mtoto aliyefichwa chumbani hapati hata hatua moja.

Basi wazazi, watoeni watoto hawa. Majirani, changieni nauli ya kliniki, kwani mama anayembeba mtoto mzito kila wiki huchoka. Nasi walimu, tuache kuweka sharti la kukaa kabla ya kusoma.

Tulimrudia mama yule tukamwomba radhi. Fundi seremala wa mtaani akachonga kiti chenye mikanda, kwa vipimo vya mtaalamu. Leo mtoto yule yuko safu ya mbele. Alifu yake huchukua muda kutoka, na wenzake wamejifunza kumsubiri.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atusamehe na atupe huruma yenye vitendo. Wabillahi tawfiq.