Kupasuliwa kwa Ajili ya Unene, na Siku za Kupumzika

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi letu)



Sisi tunaosema nanyi leo tu watu watatu wa karakana moja. Mmoja wetu alipasuliwa tumbo ili apunguze unene mwaka 2023. Wa pili alipasuliwa mwaka 2024. Wa tatu hakupasuliwa. Kazi yake ilikuwa kupeleka uji na kuandika barua. Mambo haya tuliyapata pamoja, kwa hiyo tutasema "sisi", wala msiulize sana nani ni nani.

Kwanza tuondoe kicheko. Mtu akisikia kwamba mwenzake amepasuliwa kwa sababu ya unene, husema, "Si apunguze ugali tu?" Hata sisi tulisema hivyo miaka mingi. Lakini mmoja wetu alikuwa na ugonjwa wa sukari, na magoti yalikuwa yakimwuma hata akashindwa kuingia chini ya behewa. Alipunguza ugali, akapungua, kisha mwili ukarudi palepale na zaidi. Madaktari hupima hivi: huchukua kilo za mtu, wakagawa kwa urefu wake wa mita, kisha wakagawa tena kwa urefu uleule. Kwa mashauri ya madaktari wa upasuaji huu yaliyotolewa mwaka 2022, jibu likifika 35 mtu aweza kushauriwa kupasuliwa, na mwenye sukari aweza kufikiriwa tangu 30. Mtu wa mita 1.70 mwenye kilo 102 amekwisha kupita 35. Tazameni humu ndani, tuko wengi.

Kazi yenyewe iko ya namna mbili zinazojulikana sana. Katika ya kwanza tumbo hukatwa, sehemu kama tatu katika nne huondolewa kabisa, na linalobaki huwa jembamba mfano wa ndizi. Katika ya pili hufanywa kifuko kidogo juu ya tumbo, kikaunganishwa na utumbo mbele zaidi, chakula kikapita njia ya mkato. Zote mbili hufanywa kwa matundu madogo, na mtu hulala hospitali siku mbili au tatu hivi, tena hutembezwa siku ileile ili damu isigande miguuni.

Hapo penye matundu madogo ndipo tulipoanguka. Ndugu yetu wa kwanza aliona haya. Hakumwambia nyapara, hakumwambia katibu wa tawi, hata sisi wenzake alituambia kwamba anakwenda nyumbani kuezeka. Alichukua siku za livu zilizobaki, maana nyingine alikuwa amezitumia wakati wa mavuno. Siku ya kumi na sita akarudi kazini. Ukimtazama tumbo, ulikuwa huoni kitu ila alama tano ndogo. Nyapara akampanga kwenye breki kama desturi, na nyapara hakukosa, maana angejuaje? Ndugu yetu akainua bloku moja, akainua ya pili, ya tatu akaiweka chini akashika ubavu. Nyama ya tumbo ilikuwa haijashikana vema ndani, akapata ngiri pale penye tundu moja, akapasuliwa mara ya pili. Safari hiyo hakuwa na livu, na majuma mengine alikaa bila mshahara. Watoto wake wawili walirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Ndugu, jambo hili ametupa ruhusa kulisema.

Basi wa pili alipotaka kwenda, tulikaa chini na penseli miezi mitatu kabla. Daktari alituambia kwamba mtu wa kalamu na karatasi huweza kurudi baada ya majuma mawili au matatu, lakini mtu wa kuinua vitu vizito asubiri hata majuma sita, na katika muda huo asiinue kitu kinachozidi kilo tano hivi. Tukafungua Sheria ya Kazi ya mwaka 2007. Fungu la 30 lasema kwamba mtu aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo, akileta cheti cha daktari, apewe siku zisizopungua saba za ugonjwa kwa mshahara kamili, na saba nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi kumi na miwili. Fungu la 28 lasema livu ya mwaka isipungue siku 21 za kazi. Sisi tunafanya kazi siku sita kwa juma, kwa hiyo siku 21 ni majuma matatu na nusu. Tukijumlisha majuma mawili ya ugonjwa, twapata matano na nusu. Yalitakiwa sita.

Hicho ndicho kiwango cha chini cha sheria. Mapatano ya chama mara nyingi huzidi hapo, kwa hiyo mtu asianze hesabu kabla ya kusoma mapatano yake au kumwuliza katibu. Na asimalize livu yake yote bila kufikiri, maana msiba haupigi hodi. Kuhusu ile nusu ya mshahara, ndugu yetu alianza kuweka akiba mapema, na mkopo wa chama cha akiba akaomba upunguzwe makato kwa mwezi mmoja. Bima nayo aliuliza kabla. Tangu Oktoba 2024 kazi ya mfuko wa zamani wa hospitali imeshikwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, nasi tunakatwa asilimia 2.75. Msidhani kwamba kukatwa ndiyo kulipiwa upasuaji wa namna hii. Ulizeni, mpate jibu kwa maandishi, maana katika hospitali za watu binafsi gharama ni laki kadhaa.

Barua tuliandika moja tu, kwenda afisi. Haikueleza habari za unene. Ilisema mwanachama atapasuliwa tumbo tarehe fulani, cheti kitafuata, na akirudi aomba kazi nyepesi hadi daktari atakapomruhusu. Fungu la siku za ugonjwa halikutaja kazi nyepesi, hili ni jambo la kupatana, ndiyo maana tulimchukua katibu. Alipewa stoo ya vyombo vya kazi, mwezi mzima. Karakana iliambiwa tu kwamba asibebeshwe kitu.

Sasa habari za chakula, maana hapa wake zetu wanahangaika. Majuma mawili ya kwanza ni vitu vya maji: supu iliyochujwa, maziwa, uji mwepesi. Kisha vilivyopondwa laini, mayai, maharage, samaki. Kisha vyakula laini, na vigumu baadaye, karibu juma la sita hata la nane. Ugali mgumu wa kantini usiutafute mapema. Huwezi kunywa chai pamoja na chakula. Subiri nusu saa. Kwa hiyo mtu huyu anywe maji kidogo kidogo mchana kutwa, na akitoka kazini mara kwa mara na chupa yake, msimwite mvivu. Nguvu zake siku hizo ni chache, na zamu ya usiku haimfai.

Tena vidonge. Wengi wetu hununua dukani diklofenaki au brufeni kwa ajili ya mgongo. Aliyepasuliwa, hasa kwa ile njia ya mkato, asivimeze, vyaweza kumletea kidonda cha tumbo. Na pombe humpanda kichwani upesi kuliko zamani, chupa moja huwa kama mbili. Kwenye yadi ya mabehewa hilo si jambo la mchezo. Dada zetu nao huambiwa wangoje mwaka mmoja au mmoja na nusu kabla ya kupata mimba. Vitamini ni za maisha.

Akiwa nyumbani akaona homa, moyo kwenda mbio, maumivu makali ya tumbo, pumzi kukata, au muundi kuvimba, asingoje siku ya kliniki. Arudi hospitali saa ileile, hata usiku, kwa sababu mshono waweza kuvuja ndani, au damu kuganda.

Ndugu yetu wa kwanza ameketi pale safu ya tatu. Nakala ya ile barua tumeiweka juu ya meza ya katibu, jina limefutwa, naye atatafuta nafasi ya kuinakili kwa watakaoihitaji. Na kuhusu kazi nyepesi, tungependa Bwana Mwenyekiti aliandike katika mambo ya kujadiliwa kabla mapatano mapya hayajafungwa.