Resini ya Vinilesta katika Ujenzi wa Boti kwa Ombwe: Uchaguzi na Matumizi

Vinilesta hutengenezwa kwa kuunganisha epoksi na asidi ya methakriliki, kisha zao lake huyeyushwa ndani ya stairini. Kwa asili ni jamaa ya epoksi, lakini huganda kwa peroksidi kama poliesta. Viungo vya esta, ambavyo ndivyo maji huvivunja, vimetapakaa kote katika mnyororo wa poliesta. Katika vinilesta vimebaki nchani tu. Kwa hiyo boti ya vinilesta huchelewa kutoka malengelenge chini ya usawa wa maji, jambo lenye uzito katika bahari ya joto kama ya mwambao wa Afrika Mashariki, kwa kuwa joto huharakisha kupenya kwa maji. Tena hustahimili kuvutwa: poliesta ya kawaida hukatika ikirefuka kiasi cha asilimia 2, vinilesta hufika 4 hadi 6.

Katika ujenzi kwa ombwe, nyuzi za kioo hupangwa kavu ndani ya kalibu na kufunikwa kwa mfuko wa plastiki uliozibwa kingo zote. Pampu hunyonya hewa, na resini huvutwa kuingia. Nyuzi huweza kufikia nusu ya ujazo wote au zaidi. Kwa brashi na rola mara nyingi hazivuki theluthi moja.

Wauzaji husifu nguvu ya resini, ilhali mjenzi anapaswa kuuliza kwanza mnato na muda wa kuganda. Resini ya ombwe huwa na mnato wa milipaskali-sekunde 150 hadi 300 hivi. Ile ya brashi haifai, kwa sababu imetiwa unga wa silika ili isichuruzike, na unga huo huifanya nzito na hunaswa na nyuzi. Kuizimua kwa stairini zaidi ni njia ya mkato yenye gharama: resini husinyaa zaidi na kupungua ubora. Muda wa kujaza hukua kwa mraba wa umbali. Resini iliyotumia dakika 20 kusafiri nusu mita itahitaji takriban 80 kumaliza mita nzima. Kwa hiyo katika boti ndefu, mirija ya kuingizia resini hupangwa karibu karibu.

Kichocheo ndicho huharibu kazi nyingi. MEKP (peroksidi ya methili-ethili-ketoni) ya kawaida ina kiasi cha peroksidi ya hidrojeni, ambayo ikikutana na vinilesta yenye kiharakishi cha kobalti hutoa oksijeni, na resini ikafanya povu. Kwenye kazi ya brashi mapovu hupata pa kutokea. Ndani ya mfuko hubaki humo. Inafaa kuchagua MEKP yenye peroksidi ya hidrojeni kidogo, au mchanganyiko wenye hidroperoksidi ya kumini. Kobalti na peroksidi kamwe hazichanganywi moja kwa moja, kwani hulipuka. Kobalti hukorogwa kwanza ndani ya resini.

Joto likipanda nyuzi 10, muda wa kuganda hupungua kwa takriban nusu. Kipimo kilichofaa saa moja asubuhi hakifai saa nane mchana, hivyo jaribio la kikombe hufanywa saa ile ile ya kazi, kwa resini ya pipa lile lile. Muda ukiwa mfupi, haifai kupunguza kichocheo chini ya kiwango cha mtengenezaji, maana resini haitakomaa. Huongezwa kichelewesho kama asetiliasetoni.

Kabla ya kufungua resini, pampu hufungwa na geji kuangaliwa: ikishuka, mfuko unavuja. Boti ikishajaa, ombwe hulegezwa kidogo, kwa sababu ombwe kali mno huchemsha stairini. Povu la polistairini halitumiki kama kiini cha boti, kwani stairini huliyeyusha.

Mapipa hukaa kivulini, na huachiwa nafasi ya hewa, kwa kuwa kizuizi cha kuganda kilichomo huhitaji oksijeni. Mvuke wa stairini huweza kushika moto kuanzia kama nyuzi 31, joto la kawaida katika karakana nyingi za pwani.

Baada ya kuganda, boti hukomazwa kwa joto la nyuzi 60 hadi 80 kwa saa kadhaa, ikiwa bado ndani ya kalibu. Ili kupima ukomavu, kitambaa chenye asetoni husuguliwa juu yake. Uso ukinata, resini haijakomaa.