Jicho la Umeme na Fundi Wake



Nimepewa dakika chache niseme juu ya sayansi, nami nimechagua vifaa vinavyopandikizwa mwilini ili kipofu apate kuona.

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1968 huko Uingereza, Brindley na Lewin walieleza jinsi walivyoweka elektrodi 80 juu ya ubongo wa mama mmoja kipofu. Walipopitisha umeme kidogo, mama yule aliona vidoa vya mwanga. Ikadhihirika kuwa macho yakifa, sehemu ya ubongo inayoona si lazima ife nayo.

Taabu imekuwa ugumu wa kifaa. Ubongo ni laini kama maziwa ya mgando, na hutikisika kila tunapopumua. Ukichoma ndani yake sindano ngumu, mwili huizungushia kovu, na umeme haupiti vizuri. Retina nayo, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, imepinda kama upande wa ndani wa kibuyu. Kibao kilichonyooka hakilali juu yake. Ndiyo sababu watafiti wanatandaza elektrodi juu ya plastiki nyembamba. Ziko plastiki ambazo huwa ngumu wakati wa kuingizwa, kisha hulainika kwa joto na majimaji ya mwili. Mwaka 2018 watafiti wa Lausanne, Uswisi, walionyesha kifaa cha maabara kinachokunjwa kipite katika tundu dogo la jicho, kisha kukunjuka kikafuata mpindo wa retina. Kina vituo zaidi ya 2,200 vya kutoa umeme.

Haya, plastiki imelainika. Nani atakitunza kifaa? Hapo ndipo sisi watu wa mafaili tunapoingia. Kampuni ya Second Sight ya Marekani iliuza kifaa kiitwacho Argus II: kamera kwenye miwani, mashine kiunoni, elektrodi 60 ndani ya jicho. Kiliruhusiwa Ulaya mwaka 2011 na Marekani mwaka 2013, kwa bei ya kiasi cha dola 150,000. Waliowekewa walizidi 350. Mwaka 2019 kampuni iliacha kukitengeneza, na mwaka 2020 ikakaribia kufilisika. Watu wale wakabaki na kifaa machoni, vipuri hakuna, fundi hakuna. Wengine kiliwaharibikia wakarudi gizani. Gari la ofisi likikosa vipuri tunaliegesha uani. Jicho utaliegesha wapi?

Nisieleweke vibaya. Mtoto wa jicho, anayepofusha wengi huku kwetu, hataki elektrodi. Anataka daktari na lenzi isiyo na betri. Lakini ikiwa siku moja faili la vifaa hivi litafika mezani kwenu, tafuteni kwanza ukurasa unaosema vipuri vitatoka wapi kampuni ikifungwa. Usipokuwapo, lirudisheni lilikotoka.

Mwalimu wa Baiolojia ameniazima mfano wa jicho, huu hapa mezani. Anayetaka kuona retina inapokaa, na aje mbele.