Seva Zetu za Kukodi na Maelekezo Yanayoziendesha

(Haya ni maneno yaliyotolewa na Ofisi ya Maendeleo katika mkutano wa robo mwaka wa kamati za parokia, mbele ya wawakilishi wa wafadhili. Tumeyachapa kwa ombi la wajumbe ambao hawakuweza kufika.)



Katika mkutano uliopita mjumbe mmoja aliuliza swali ambalo hatukulijibu vizuri. Alitaka kujua ule mstari ulioandikwa "seva za mtandaoni" katika taarifa ya fedha una maana gani, kwani yeye amefika ofisini kwetu mara nyingi na hajawahi kuona seva yoyote. Tulimjibu harakaharaka kwamba ziko "katika wingu", watu wakacheka, kikao kikaendelea. Jibu lile halikuwa la haki. Fedha ile ni michango ya watu, na aliyetoa anastahili kuambiwa ilikokwenda. Leo tumeomba nafasi tujibu sawasawa, na hatuna budi kueleza pia kosa letu moja lililotugharimu, na jingine ambalo nusura litugharimu zaidi.

Wengi wenu mnaikumbuka kompyuta iliyokuwa chini ya meza ya mhasibu, ile iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya nyumbani. Ndani yake zilikuwamo kumbukumbu za VICOBA vya parokia zote na taarifa za dawa za zahanati zetu. Umeme ukikatika, nayo ilizimika. Radi ikipiga, tulikimbia kuchomoa waya. Siku moja fundi aliifungua akakuta mjusi amehamia humo. Tuliishi hivyo miaka mingi, kwa kweli kwa neema tu.

Mwaka 2021 tuliamua kukodi. Yapo makampuni makubwa yaliyojenga majumba yaliyojaa kompyuta, yenye umeme wa akiba, mitambo ya kupoza na walinzi, ambayo hukodisha nafasi kwa yeyote mwenye kulipa. Amazon walianza kukodisha seva za namna hii mwaka 2006, na Aprili 2020 wakafungua vituo vyao vya Cape Town, Afrika Kusini. Huko ndiko seva zetu ziliko. Kompyuta moja kubwa hugawanywa kwa programu ikawa kama nyumba ya vyumba vingi vya kupangisha, kila mpangaji na mlango wake na ufunguo wake. Jambo la kushika hapa ni moja: mpangaji hulipia muda wote ambao chumba kiko wazi kwa jina lake, awe amelala humo au hakulala.

Tuseme pia, kwa kuwa lawama zilikuwa nyingi, kwamba seva kuwa salama ni jambo moja na njia ya kuifikia ni jambo jingine. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika, na intaneti ikawa taabu nchi nzima na kwa majirani zetu pia. Parokia kadhaa zilitupigia simu kusema seva imekufa. Haikufa. Ilikuwa hai Cape Town ikitungojea, barabara ndiyo iliyokatika. Ndiyo maana tunasisitiza kila zahanati iendelee na daftari la karatasi.

Sasa kosa la kwanza. Kijana aliyetujengea mfumo huu alikuwa hodari na mwaminifu. Alifungua seva ya VICOBA na seva ya zahanati, na baadaye akafungua ya tatu kwa ajili ya semina ya makatibu ya siku tano, ili wajifunze bila kuharibu hesabu za kweli. Kila kitu alikifanya kwa mkono, akibonyeza hapa na pale kwenye ukurasa wa kampuni. Kisha akapata kazi serikalini, tukamwombea heri, akaondoka. Hakuchukua kitu chochote cha ofisi isipokuwa kile kilichokuwa kichwani mwake, na kumbe hicho ndicho kilichokuwa mali.

Miezi kumi na moja baadaye mweka hazina wetu, Sista ambaye husoma ankara mpaka maandishi madogo ya chini, alikuja na karatasi mkononi akauliza: "Tuna seva mbili. Mbona tunalipia tatu?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Tulipotafuta tukaikuta ile ya semina. Ilikuwa imewaka usiku na mchana kwa zaidi ya saa 8,000, haina mtu, haina kazi. Kiasi kilichopotea tumekiandika katika taarifa ya mahesabu mliyogawiwa, ukurasa wa mwisho, na hatukukificha chini ya jina jingine.

Baada ya hapo wengine kati yetu walitaka turudi kwenye kompyuta ya chini ya meza. Tulielewa hasira yao. Lakini tatizo halikuwa kukodi. Tatizo lilikuwa kwamba hapakuwa na mahali palipoandikwa tuna seva ngapi, za kazi gani, na ziwe katika hali gani. Kamati isiyo na kitabu cha kumbukumbu hupotea hata kama wajumbe wote ni watakatifu.

Ndipo tulipoanza kutumia Ansible. Hii ni programu huria, haina ada, iliyoanzishwa na Michael DeHaan mwaka 2012. Kampuni ya Red Hat iliichukua mwaka 2015 na inaendelezwa mpaka leo na watu wa nchi nyingi. Kazi yake ni kusoma faili la maandishi ya kawaida ambamo mmeandika jinsi mnavyotaka seva zenu ziwe, kisha kwenda kuzifanya ziwe hivyo. Ndani ya seva huingia kwa ule ule mlango wenye ufunguo ambao fundi angeutumia, kwa hiyo hakuna programu ya ziada ya kupanda huko. Kwa mambo ya kuwasha, kuzima, kufungua seva mpya au kufuta ya zamani, huzungumza na kampuni inayokodisha, kwa funguo maalumu tulizopewa.

Tofauti yake na kazi ya mkono ni hii. Ukimwambia mtumishi wa kanisa "bonyeza swichi ya taa ya sakristia", na mwenzake akamwambia vivyo hivyo, taa itawaka kisha itazimika. Ukiwaambia wote wawili "hakikisheni taa ya sakristia inawaka", wa pili atakuta inawaka na kuendelea na safari yake. Faili letu linasema "seva ya zahanati iwe imewashwa". Tukiliendesha mara kumi, mara tisa halifanyi kitu. Kwa ofisi yenye watu wachache na umeme wa kusuasua hilo ni faraja kubwa, kwani kazi ikikatika katikati tunaianza tena bila woga wa kurudia mara mbili lililokwisha fanyika.

Kila seva ina lebo, kama zile tunazobandika kwenye viti vya parokia: ya nani, ya kazi gani. Faili husema "zile zenye lebo hii", na programu huzitafuta yenyewe. Hapa ndipo nusura tuangamie.

Tulipokuwa tukiandaa semina nyingine, kijana mpya wa ofisi aliandika kwamba seva zenye lebo ya mafunzo ziwe moja tu kamili. Nia yake ilikuwa njema, ili tusirudie kuacha seva ya ziada. Maelekezo ya namna hiyo huifanya programu ihesabu: zikipungua, inaongeza, zikizidi, inafuta zilizozidi, ikianza na ile iliyofunguliwa zamani zaidi. Na kufuta si kuzima. Seva iliyozimwa huwashwa ikaendelea pale ilipoishia. Iliyofutwa huondoka, na kwa kawaida diski yake kuu huondoka nayo.

Kabla ya kuendesha faili lolote tunayo desturi ya kuiomba programu ijaribu kwa maneno tu, yaani iseme ingefanya nini bila kugusa kitu. Ikasema ingefuta seva moja. Haikutaja jina, ilitoa namba tu, ule mlolongo mrefu wa herufi na tarakimu usioelezea chochote. Kijana alidhani ni seva ya semina iliyobaki. Sista alikuwa pembeni na ile karatasi yake ya ankara, akasema, "Nisomee hiyo namba polepole." Akaisoma. Ilikuwa seva ya VICOBA.

Imekuwaje? Mwaka 2021, kabla ya kuanza kazi rasmi, seva ile ndiyo tuliyojifunzia. Ikabandikwa lebo ya mafunzo, na hakuna aliyeibandua. Kwa kuwa ilikuwa ya zamani kuliko nyingine zote, ndiyo ambayo ingetangulia kufutwa. Nakala ya akiba ya mwisho tuliyokuwa nayo ilikuwa ya wiki tatu nyuma. Hebu fikirini wiki tatu za hisa na marejesho ya vikundi vyote, akina mama wanaotembea na shilingi zao zimefungwa kwenye pembe ya kanga. Daftari za wanachama zingetusaidia kuandika upya, ndiyo, lakini nani angeamini tena hesabu za ofisi? Chombo hiki hutii haraka, na kosa lako nalo hulitii kwa haraka ile ile.

Tangu siku hiyo tumefanya mabadiliko. Hakuna faili linaloendeshwa bila jaribio la maneno na bila mtu wa pili kusoma matokeo, na mtu huyo wa pili si lazima ajue kompyuta, ajue tu kulinganisha namba na orodha. Seva ya VICOBA na ya zahanati zimewekewa kinga ya kampuni dhidi ya kufutwa, hivyo amri ya kufuta hukataliwa mpaka kinga iondolewe kwanza. Nakala za akiba huchukuliwa kila usiku. Maneno ya siri yamefungwa kwa namna ambayo anayeliona faili haoni neno lenyewe, na neno la kulifungulia liko katika bahasha iliyotiwa lakiri ndani ya kabati la chuma. Faili zenyewe tumezichapa na kuzihifadhi pamoja na hati za viwanja. Mkaguzi alitabasamu alipoziona, lakini akaandika vizuri.

Kuhusu gharama, wafadhili wetu wangependa kusikia hili. Seva ya zahanati sasa huwashwa yenyewe saa 1 asubuhi na kuzimwa saa 1 jioni, Jumatatu hadi Jumamosi. Hizo ni saa 72 kati ya 168 za wiki, yaani chini ya nusu. Amri hutoka katika seva ya VICOBA ambayo haizimwi, kwa ufunguo unaoruhusiwa kuwasha na kuzima tu, hauwezi kufuta. Hata hivyo tusiwadanganye kwamba gharama yote imepungua zaidi ya nusu. Diski hulipiwa hata seva ikilala, na tangu Februari 2024 Amazon hutoza nusu senti ya dola ya Marekani kwa saa kwa kila anwani ya hadharani ya aina ya kawaida, iwe inatumika au la. Kwa mwezi ni kama dola 3.6 kwa anwani moja. Tulikuwa na anwani mbili zisizo na kazi, tumezirudisha.

Tunajua kisima kina kibao cha mfadhili na seva haina pa kubandika kibao. Tumewahi kuambiwa na rafiki mmoja mwema kwamba wanaparokia wake wako tayari kuchangia pampu lakini si "mambo ya kompyuta". Hatumlaumu. Ila afisa wetu anapojua leo kwamba zahanati fulani imebakiwa na dawa za malaria za siku nne, anajua kwa sababu ya mstari ule ule wa bajeti.

Lipo la mwisho, nalo ni lenu, wanakamati. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kumbukumbu za wagonjwa na za wakopaji zimo ndani yake, pamoja na masharti ya kuzihifadhi nje ya nchi. Katika faili letu tunayo orodha ya watu wanaoruhusiwa kuingia katika kila mfumo. Programu huhakikisha kwamba aliyemo anaingia, na tuliyemwandika kuwa ametoka mlango wake unafungwa. Lakini haiwezi kujua kwamba katibu wenu amehamia Dodoma, au kwamba mweka hazina wa kikundi alifariki mwaka jana na simu yake anayo mjukuu. Tulipopitia orodha mwezi uliopita tulikuta majina ambayo hatukuweza kuyathibitisha.

Kwa hiyo tunaomba kila parokia ilete majina ya wanaotumia mfumo sasa, na ya wale walioacha, kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio. Jina ambalo halitakuja litafungiwa mlango siku inayofuata, hata kama ni la Baba Paroko. Fomu ziko kwa katibu pale mlangoni, na atakayeondoka bila kuchukua atapigiwa simu.