Jina Halilipi Kodi

Wasikilizaji, mnazijua kamati za harusi. Mpishi kapangiwa fungu lake, mwenye turubai kapewa kianzio, ukumbi umelipiwa. Ikifika zamu ya mpiga kinanda, utasikia: "Huyo ni wetu, atakula pilau, na atajulikana." Tukome! Mpiga kinanda ana kodi ya chumba, nauli na ada ya watoto, na hakuna mwenye nyumba anayepokea makofi mwisho wa mwezi. Mtasema kipaji kapewa bure na Mungu. Sawa, lakini spika hakupewa bure, wala gari la kuzibeba, wala miaka ya mazoezi. Na mpishi je, mkono wake mtamu kaununua dukani? Mbona yeye mnamlipa?

Mnadai kujulikana kutamletea riziki. Basi mtazameni Solomon Linda wa Afrika Kusini. Mwaka 1939 alirekodi "Mbube" jijini Johannesburg, na haki za wimbo zikamtoka kwa shilingi 10. Wamarekani wakaugeuza maneno, ukazunguka dunia, ukaingia hata katika filamu ya The Lion King ya 1994. Linda alikuwa ameshafariki mwaka 1962, fukara. Familia yake ilikwenda mahakamani ndipo ikafikia mapatano ya malipo mwaka 2006. Wimbo gani umejulikana kuliko huo? Sifa ilienea, fedha zikaenda kwa waliokuwa na mikataba. Sasa kama sifa ya dunia nzima haikumlisha Linda, sifa ya ukumbi mmoja itamlisha nani?

Na si harusini tu. Asubuhi unapanda basi muziki unalia, mchana unakula hotelini muziki unalia, jioni unapita kibandani kujaziwa nyimbo kwenye flashi. Mwenye kibanda unamlipa, mwimbaji hapati hata senti. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, nayo inamlinda mtunzi. Anayefanyia biashara kazi ya mtu bila ruhusa hasaidii kuitangaza, anamdhulumu.

Wapo watakaosema hali ni ngumu kwa wote. Ni kweli, na mwenye kidogo aseme mapema ana kiasi gani, aombe nyimbo tatu badala ya usiku kucha, msanii akubali au akatae. Ugumu wa maisha haumpi mtu haki ya kula jasho la mwenzake. Kamati ikikaa tena, fungu la msanii liandikwe pamoja na la mpishi, kianzio kitolewe kabla ya siku, na salio alipwe kabla hajafungasha vyombo vyake.